Shamba Lisilo na Ntumba

Hata bodaboda haijasimama, Polikarp aliliona shamba la shangazi yake, akainuka kidogo kitini alitazame vizuri. Ilikuwa katikati ya Machi. Njia nzima kutoka Laela mashamba ya watu yalikuwa yameshapigwa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea ya msimu ujao, na juu ya kila tuta maharage yalikuwa yameshachomoza. Shamba la shangazi Silvana lilikuwa nyasi tupu. Zilimfika mtu kiunoni, na zilikuwa zimeanza kutoa mbegu. Ntumba haipigwi na mtu mmoja. Mwenye shamba huwapitia majirani mlango kwa mlango, hupika pombe ya ulezi, na siku ikifika watu huja na majembe yao. Kwa hiyo ukiona shamba limesimama vile mwezi wa tatu, ama mwenyewe amekufa, ama watu wamemkataa.

Shangazi Silvana hakuwa amekufa. Alikuwa amesimama mlangoni na lile koti kubwa la marehemu kaka yake, baba wa Polikarp, anacheka kwa meno yote aliyobakiwa nayo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko Dar hawali?"

Polikarp alicheka, akaingiza begi ndani. Kilichomleta Sumbawanga ni mwaliko wa tamasha la utamaduni. Jumamosi ile angepanda jukwaani mjini, malenga mwenyeji aliyetoka akajulikana, na mabango yenye uso wake yalikuwa yameshabandikwa. Leo ilikuwa Jumatano. Alijisemea atapita kumsalimu mzee, alale siku mbili, ashuke mjini Ijumaa. Hakuwa amekanyaga kijijini kwa miaka minne, na alikuwa na sababu zake, ingawa akiulizwa alikuwa akisema ni kazi.

"Shangazi, mbona shamba halijapigwa?"

"Watu wana shughuli zao," alisema shangazi, akainama kupuliza moto. "Nilipika pombe Januari. Mitungi mitatu. Ikachacha, nikaimwaga."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Polikarp alikaa kwenye kigoda, akayatazama maji ya chai yakichemka, asimtazame shangazi, maana alijua. Alijua tangu bodaboda ilipopinda kona.

Sasa ni lazima niwaambie alichokifanya, na sitamficha, kwa sababu yeye mwenyewe alijificha vya kutosha.

Polikarp alipofika Dar alikuwa na daftari limejaa mashairi ya huku nyumbani. Mashairi ya baridi ya Juni, ya moshi wa jikoni, ya majembe yanayoshuka kwa pamoja. Hakuyaokota hewani. Aliyapata shambani, kwa shangazi huyu huyu, ambaye katika kijiji kile ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za ntumba. Yeye hutoa mstari, walimaji huitikia, majembe yakishuka kwenye itikio. Na zilikuwa na utaratibu wake. Kiongozi anaweza kumwimba yeyote, mvivu, mlevi, aliyeiba kuku, na aliyeimbwa haruhusiwi kununa, anaitikia na wenzake. Wakati mwingine kiongozi huuliza tu, nani alifanya hivi, halafu ananyamaza, anaacha pengo. Anayejua hulijaza kwa jina, na wote hulirudia. Polikarp alikuwa na miaka mitano alipojaza pengo lake la kwanza, akataja jina la katekista, na watu wakaacha majembe wakashika mbavu. Siku ile ndipo utunzi ulipomwingia.

Lakini Dar mashairi ya majembe yalipigiwa makofi ya adabu, yale ya vidole. Walichotaka ni kingine. Kila alipojitambulisha kwamba anatoka Sumbawanga, mtu alisogeza kiti pembeni kwa utani, akisema usije ukaturushia radi. Ukumbi mzima unacheka, na Polikarp anacheka nao, miaka sita anacheka nao. Halafu jioni moja aliamua kuwapa walichokuwa wakikitaka. Aliandika shairi akaliita "Shangazi", na ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

*Wingu likikaribia, shangazi hutoka ndani,*
*Jembe hulikimbilia, hulitupa uwanjani,*
*Radi ikisaka njia, jembe huwa ni ramani,*
*Baba ikamfikia, ikamlaza shambani.*

Ukumbi ulisimama. Watu walipiga meza. Mmoja akamrekodi, video ikazunguka nchi nzima, redio zikamwita, na popote alipokwenda walimwambia tupe ile ya mchawi. Naye akawapa. Aliongeza na mikono, akajifunza kuikunja sauti pale kwenye radi. Na alipohojiwa kama ni kweli, alitabasamu akasema, "Kwetu kuna mambo." Mshenzi huyu. Alijua fika shangazi alitupa majembe nje kwa sababu gani. Baba yake Polikarp aliuawa na radi akiwa ameshika jembe, na tangu siku hiyo, wingu likitanda, Silvana alikusanya kila chuma ndani ya nyumba, jembe, panga, hata kisu cha kukatia mboga, akakitupa nje, kisha akamfunika Polikarp, mtoto wa marehemu ambaye mama yake naye alikuwa ameshafariki, kwa mwili wake mpaka mvua ipite. Alimlea hivyo miaka kumi na mitatu.

Na kuna lingine, ambalo Polikarp alimwambia mtu mmoja tu, utotoni, na hajawahi kuliambia hata karatasi.

Lakini tumwache kwanza anywe chai.

Walipomaliza kula, shangazi alifuta mikono kwenye kanga, akakaa mkabala naye. "Wanasema umeniimba," alisema. "Redio zimekuita kwa ajili yangu. Hebu nisomee na mimi nisikie."

Polikarp alitafuta njia ya kutokea, akasema amechoka na safari, ataliandika vizuri amletee. Shangazi akasema yeye hajui kusoma, andiko la nini, atamke tu. Alikuwa amemkazia macho kama zamani alipokuwa akimuuliza kama amenawa miguu.

Basi Polikarp akajikaza kisabuni, akaanza. Mstari wa kwanza ulimtoka wenyewe, kwa mazoea, na ulipokwisha kutoka hakuwa na jinsi ya kuurudisha. Wa pili akautunga papo hapo.

"*Wingu likikaribia, shangazi hutoka ndani,*
*Mwana humkumbatia, humlaza kitandani...*"

Akakwama. 

"Nimetoka ndani," alisema shangazi polepole, "halafu nikakulaza kitandani. Kitanda kilikuwa uwanjani?"

Polikarp aliyakazia macho majivu.

"Silo hilo. Lile nililisikia lote kule mashineni, Ipyana mwenye mashine alikuwa akilipiga kwenye spika watu wanasaga. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni na debe langu. Nikasikia sauti, nikasema huyu ni mtoto wangu, nikasogea karibu nisikie vizuri." Alikunja kanga yake mara mbili, akaiweka mapajani. "Nilikuuliza ili uniambie mwenyewe. Haya, nenda kalale, umesema umechoka."

Jamani, aibu. Polikarp alitamani ardhi ipasuke immeze na kigoda chake. Si kukamatwa ndiko kulikomuuma zaidi. Kilichomuuma ni kwamba mzee alimwachia pengo alijaze, kama zamani, naye alilijaza kwa uongo, na hata ule uongo ulikuwa mbovu. Alikwenda chumbani kwake jua halijazama, akalala na viatu.

Asubuhi alitoka kwenda kwa Bertilla. Bertilla ndiye jirani wa karibu na shoga wa shangazi tangu usichana, na shambani ndiye aliyekuwa akiongoza itikio. Alimkuta anaanika mahindi. Alimsalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba isiyo na "mwanangu" mwishoni, na hakukaribishwa kukaa.

"Mama, nimekuja kuomba watu. Ntumba za shangazi. Jumamosi."

"Jumamosi si unaimba mjini?"

"Nitawapigia. Siendi."

Bertilla aliendelea kuanika. "Unataka niende kulima shamba la mtu unayesema anaua watu."

"Mama, lile lilikuwa shairi tu. Ni sanaa."

"Basi hiyo sanaa ije ilime."

Polikarp alijikuna kichwa. Alijaribu kueleza kwamba mtunzi huweza kuvaa sauti isiyo yake, kwamba mjini watu wanaelewa. Aliongea mpaka akajisikia mwenyewe anavyosikika, akaacha. Bertilla aliweka ungo chini.

"Sikiliza, Polikarp. Mimi namfahamu Silvana tangu kabla baba yako hajaoa. Angekuwa amesema mtu wa Mbeya, au mtu wa huko pwani, tungecheka, wanasema hivyo siku zote, tumezoea. Lakini umesema wewe. Mtoto aliyelala mgongoni kwake. Watu walisema, huyu ameona. Mimi sikuamini. Ila nilipotaka kwenda ile Januari, mume wangu akasimama mlangoni, wanangu wakalia, nikarudisha jembe." Aliokota punje iliyoanguka. "Siku ile nilimwona kwa mbali amekaa na mitungi yake mpaka jua linazama. Mimi nilimwona, na sikwenda. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako huwezi kumtazama usoni."

Polikarp alisimama pale na mikono yake haina kazi. "Nifanye nini, mama?"

"Unaniuliza mimi? Umewapitia watu wote wa nchi hii ukiwaambia ni mchawi. Sasa anza kupita tena, mlango kwa mlango, uwaambie vingine. Anza na hapa."

Akaanza na pale. Mume wa Bertilla, mzee Teodori, alitoka nje akasikiliza amekunja mikono kifuani. Polikarp alisema, nilidanganya, shangazi yangu hakumuua baba, alitupa majembe kunikinga mimi. Mzee Teodori akauliza, kwa nini ulidanganya. Polikarp akasema, nilitaka wanipende. Mzee akamtazama muda mrefu kama mtu anayetazama ng'ombe asiye na faida, akasema ataona.

Siku mbili alizunguka kijiji kizima. Nyumba zingine walimkaribisha kwa sababu ya umaarufu, wakamwomba apige picha nao, na kwenye picha ile ile akalazimika kusema, mimi ni mwongo. Nyumba moja walicheka wakadhani ni sehemu ya onyesho. Nyumba nyingine mama alimwambia kwamba kukana kwake ndiko kunakothibitisha, bila shaka shangazi amemtisha, na akafunga mlango. Hilo ndilo lililomkata maini. Neno lake moja la uongo lilikwenda lenyewe mpaka Kirando kwa wavuvi na Kasesya mpakani, na neno lake la kweli alikuwa akilibeba kwa miguu, na bado lilikuwa likikataliwa mlangoni.

Mashineni alimkuta Ipyana, yule Mnyakyusa mwenye mashine ya kusaga, na spika yake mlangoni. Ipyana alisikiliza, akachomoa simu, akaifuta video mbele yake.

"Mimi mgeni hapa," alisema. "Nilijua ni sifa. Huku kwenu sijui nini ni matusi na nini ni sifa, nilijua mtu hawezi kumtukana mama yake na jina lake likiwa juu." Alizima mashine. "Yule bibi tangu siku ile haji kusaga. Nilidhani anasaga kwingine."

Alikuwa hasagi kwingine. Alikuwa akitwanga.

Ijumaa jioni Polikarp alimpigia dada Happy, ofisa aliyeandaa tamasha, akamwambia hatakuja. Happy alilalamika kwa heshima, akauliza kama anaumwa. Polikarp alisema haumwi, ana ntumba za kupiga. Happy akasema, "Kaka, watu wanakuja kusikia Shangazi." Polikarp akasema anajua, ndiyo maana.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka, na baridi ilikuwa ikiuma vidole. Pombe haikuwepo, isingewahi kuiva. Shangazi Silvana alikuwa amepika maharage tu, sufuria moja kubwa, kubwa mno, na Polikarp alipoiona alijisikia vibaya, maana mzee alikuwa ametegemea watu kama mara ya kwanza. Walikaa kwenye ukingo wa shamba na majembe yao mawili. Hawakuwa wameongea juu ya shairi tangu Jumatano. Kila asubuhi shangazi alimsalimia, akampa chai, akaendelea na kazi zake. Polikarp angefurahi kama angemtukana.

Bertilla alikuja wa kwanza. Nyuma yake mzee Teodori, anaburuta jembe kana kwamba amelazimishwa, na pengine alikuwa amelazimishwa. Kisha dada wawili wa upande wa kanisani, Justa na Rahel. Mwisho kabisa Ipyana, na jembe jipya ambalo mpini wake ulikuwa na karatasi ya dukani. Watano. Zamani walikuwa wakija thelathini. Shangazi aliwahesabu kwa macho, akavuta kamasi, akasema baridi imezidi.

Walijipanga mstari mmoja, wakaanza kuchimbua nyasi na kuzifukia. Lilikuwa shamba kubwa kwa majembe saba. Mikono ya Polikarp ilichubuka kabla ya tuta la nne. Hakuna aliyeimba. Majembe yalikuwa yakishuka ovyo, kila moja kwa wakati wake, na kazi ya namna hiyo huchosha mara mbili.

Mwisho Bertilla akasema bila kugeuka, "Silvana, tutalima kama wafungwa mpaka saa ngapi?"

Shangazi aliendelea na tuta lake. Halafu akakohoa, akaanza. Aliimba kwa Kifipa, nami nawawekea kwa Kiswahili, utamu wake umebaki kule kule.

"Mvua ilikuja."

"Ee, ilikuja," waliitikia, na majembe yakashuka pamoja kwa mara ya kwanza.

"Ikatukuta tumerudi nyumbani."

"Ee, nyumbani."

Polikarp alitega sikio. Huu haukuwa wimbo anaoujua. Mzee alikuwa akiutunga papo hapo, na haukuhitaji vina wala mizani ya kuhesabu vidoleni, jembe ndilo lililokuwa likiupima.

"Majembe mawili ukutani."

"Ee, ukutani."

"La tatu likabaki shambani."

"Ee, shambani."

Sasa lile lingine. Siku ile Polikarp alikuwa na miaka saba, na alikuwa amepewa jembe lake dogo la kwanza. Alilisahau kwenye kona ya mwisho ya shamba. Baba alipoona wingu akasema litaoza mpini, akarudi kulichukua. Jioni ile, watu wakiwa wamejaa uwanjani wanalia, shangazi alimwita pembeni akamuuliza, naye akamwambia. Shangazi alimshika mabega. "Usimwambie mtu," alisema. "Ukikua, mwambie padri." Na yeye mwenyewe alinyamaza, miaka ishirini na minne, hata aliposimama mashineni na debe lake akisikia kwamba aliyeua ni yeye. Polikarp hakuwa ameandika lile shairi kwa ajili ya makofi peke yake. Alikuwa na jembe linalomtafuta mwenyewe, akamkabidhi shangazi.

"Kaka yangu akalirudia."

"Ee, akalirudia," waliitikia, na mzee Teodori alikuwa ameanza kuimba kwa sauti kamili, maana hapo wote walikuwa wanajua wanamwimba nani.

"Nani alilisahau?"

Na hapo akanyamaza. Akaacha pengo.

Majembe yalishuka mara moja, bila sauti ya mtu. Yakashuka mara ya pili. Hakuna aliyelijaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akijua. Justa alimtazama Rahel. Shangazi hakumgeukia Polikarp. Aliuliza tena, kwa sauti ile ile, isiyo na hasira wala haraka, na Polikarp alijua kwamba akinyamaza mzee atauruka mstari aendelee na mwingine, kama alivyouruka miaka yote hii, na hatauliza tena.

"Polikarp," alisema.

Jina lilitoka kwa sauti ndogo, likapotea katikati ya udongo.

"Halikuimbwa," alisema Bertilla. Alikuwa amesimamisha jembe, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Wimbo huitikiwa kwa kuimba."

Polikarp alinyanyua jembe lake na mikono iliyochubuka, akasubiri la shangazi linyanyuke, akaimba. Sauti yake ilipasuka, ile sauti ambayo redio zilikuwa zikiisifia.

"Polikarp."

Walikuwa hawana budi kuitikia. Ndivyo wimbo ulivyo.

"Ee, Polikarp," waliitikia wote watano, na majembe yakashuka.

Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Alisubiri mstari unaofuata, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alimwogopa shangazi yake kwelikweli. Shangazi alifukia nyasi, akalipiga tuta mgongoni kwa jembe likae sawa, akasogea kwenye lingine.

"Alikuwa na miaka saba," akaimba.

"Ee, saba."